Naomba ushauri: bosi anataka viwanja viingie kwenye blokucheni, andiko Jumatatu

Mwana wa Ihumwa: Wakuu habarini. Niko ofisi ya umma hapa Dodoma, sitaji ipi. Kiwanja kimoja unakuta kina wenyewe wawili, wote wana karatasi zenye muhuri. Bosi kaenda semina Arusha, karudi na neno moja: blokucheni, eti daftari la kompyuta lisilofutika. Andiko linatakiwa Jumatatu, silali. Inafaa au haifai? Matusi sitaki.

Zabibu Chungu: Ngoja wajuzi waje.

Mzee wa Nkuhungu: Mimi kiwanja changu cha Nala nilikuta mtu kashamwaga mchanga. Akanitolea barua yenye tarehe sawa na yangu! Tumeburuzana miaka sita. Mwisho binti yake kaolewa na mwanangu, wamejenga wao. Mimi bado napanga.

Fundi Seva: Pole mzee. Mleta uzi, hilo daftari wataandika ofisi ngapi?

Mwana wa Ihumwa: Yetu tu. Ila wananchi wataona.

Fundi Seva: Basi kanzidata ya kawaida inatosha, iwe tu na kumbukumbu ya nani kabadili nini na lini. Blokucheni ni ya watu wengi wanaoandika daftari moja, hawaaminiani, na hawataki msimamizi mmoja. Benki, mahakama na ninyi mngekuwa mnaandika wote, tungeongea. Georgia (ile nchi, si jimbo la Marekani) walianza 2016 kuweka alama za kidijitali za kuthibitisha hati za ardhi kwenye blokucheni ya Bitcoin, lakini daftari lao walishalinyoosha kabla. Hiyo kitu inalinda kilichoandikwa, haijui kama ni uongo. Afisa akiingiza wenye wawili, watabaki wawili. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kurekebishiwa taarifa zake. Mtarekebishaje kisichofutika?

Mama Kibaigwa: Mwanangu, mmeshakwenda huko viwanjani na mkanda wa kupimia?

Zabibu Chungu: Mama kamaliza 😂

Fundi Seva: Halafu haraka ya Jumatatu ni ya nini? Kampuni ishapatikana?

Mwana wa Ihumwa: Ipo.

Fundi Seva: Ya nani?

Mwana wa Ihumwa: Ya shemeji yangu. Kabla hamjanirukia, ana vijana wazuri na bei yake nafuu kuliko wengine. Kanipa kidogo ya kuandalia andiko, hela ya mafuta na bando tu. Sasa nikiandika "haifai" nitamwambia nini dada?

Mzee wa Nkuhungu: Mafuta ya bajaji au ya lori? TAKUKURU makao makuu yako hapahapa mjini, hata nauli hutahitaji.

Kijana wa Kikuyu: Wakuu, mnakunywa chai. Huyu mwezi wa tatu alikuwa mwalimu Kondoa, analia mkewe kahama na friji. Leo mtumishi wa viwanja?

Mwana wa Ihumwa: Akaunti hii tunatumia wawili, mimi na kaka yangu. Ule uzi ni wake. Na sikubaliani na alichoandika.

Zabibu Chungu: Waandishi wawili, daftari moja, hawaaminiani. Fundi, hapa vipi?

Fundi Seva: Hapa inafaa.