Naomba ushauri: vijana wa kijiwe chetu wanatuharibia jina

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni bodaboda, kijiwe chetu kipo Kimara, barabara ya Morogoro. Tuna vijana watatu wanachomekea magari kama wana roho ya paka. Foleni ikikaza wanaingia njia ya mabasi ya mwendokasi. Juzi mmoja kavunja kioo cha pembeni cha Noah, kakimbia, mwenye gari akaja kutubana sisi tuliobaki. Sasa hata mama ninayempeleka Ubungo kila asubuhi kaniambia, "Mwanangu, leo napanda daladala." Mwenyekiti kawaonya, tukawapiga faini ya elfu kumi, wamelipa huku wanacheka! Kuwafukuza nasita, mmoja ni mpwa wangu.

Vijiwe vingine mnawabanaje watu wa hivi? Na huyu abiria wangu nimrudisheje?