Mstari wa malengelenge shingoni: Nairobi flai au mkanda wa jeshi?

Mama Tash (Kahawa West)
Hamjambo wenzangu. Kijana wangu wa gredi ya tano ameamka na alama nyekundu shingoni, ndefu kama ya kuchapwa na waya, na juu yake vilengelenge. Anasema inachoma. Jirani anashikilia ni mkanda wa jeshi. Shemeji naye anasema amekojolewa na mdudu, nipake dawa ya meno. Sasa nyingine imetokea kwenye mkunjo wa kiwiko. Inaenea? Analala kitanda kimoja na mdogo wake, na taa ya ploti humulika dirisha lao usiku kucha.

Wa Kemisti
Mama Tash, pole kwa mtoto. Kwa maelezo yako hiyo ni Nairobi flai, na msimu huu wa mvua wateja wangu wengi wanaingia wameshika shingo. Huyo hata si nzi, ni mbawakawa mwembamba mwenye mistari ya rangi ya machungwa na nyeusi, hafiki hata sentimita moja na nusu. Haumi, hakojoi. Sumu yake, pederini, imo mwilini mwake, na inatoka ukimponda. Mtoto alimpangusa usingizini, ndiyo maana ukaona mstari. Alama huchelewa kutokea, hata siku moja au mbili, kwa hiyo usimsake mdudu wa jana usiku tu.

Kiwiko ni hivi: ukikunja mkono, ngozi yenye sumu inaigusa nyingine, inapiga chapa. Maji ya malengelenge hayaambukizi, shule aende. Mkanda wa jeshi hufuata mshipa wa fahamu upande mmoja wa mwili, haurukiruki hivyo.

Muoshe kwa sabuni na maji mengi, fua shuka na fulana aliyolalia. Kitambaa cha maji baridi, losheni ya kalamini, na krimu hafifu ya haidrokotisoni ukielekezwa dozi. Dawa ya meno iache kwenye mswaki. Na tafadhali, zile krimu za mchanganyiko ambazo watu huniomba kwa jina, zenye steroidi kali, usimpake mtoto. Usitoboe. Kwa kawaida hupona ndani ya wiki mbili hivi, doa jeusi likibaki kwa muda. Ukiona usaha au homa, hospitali. Akijisugua jicho likavimba, suuza kwa maji safi na umpeleke siku hiyo hiyo.

Mzee wa Zimma
Nyinyi hamkuiona mvua ya El Niño ya 1997, wadudu hawa walivyojaa! Mwanga ndio unawaita, kwa hiyo tulikuwa tunalala giza kwa hiari. Mdudu akitua juu yako, mpulizie aondoke, au mwekee karatasi apande. Kumpiga kofi ni kujichapa mwenyewe.

Mama Tash
Asanteni. Nimeosha, anapakwa kalamini, sasa kelele zake ni za kukosa mpira. Lakini keteka, msimamizi wa ploti, amekataa kuzima taa, anasema wezi.

Wa Kemisti
Hapo keteka ana haki yake. Mwombe abadilishe balbu nyeupe aweke ya manjano, mwanga huo hauwavutii sana. Wewe funga dirisha kabla ya giza kuingia, weka wavu, sogeza kitanda mbali na ukuta wa dirisha, na kung'uta shuka kabla ya kulala. Neti ya mbu nayo inasaidia, mradi ichomekwe chini ya godoro.

Mama Tash
Balbu nitanunua mimi, nimpe akaiweke.