Mjadala: Mwandishi asiyejua kuchora atumie picha za bure za akili mnemba, au amtafute mchoraji?

Mwanzilishi wa mada, Nyegezi

Wadau, salaam.

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya waandishi wa hadithi hapa Mwanza swali hili haliishi. Mtu ana riwaya yake, anaitoa sura kwa sura, hajui kuchora hata mti, na anataka kava. Anauliza programu ipi ya bure ni nzuri. Nusu ya watu wanamtupia majina ya programu, nusu nyingine wanamjia juu kwamba anawanyang'anya wachoraji tonge mdomoni. Mwenyewe anabaki palepale alipokuwa.

Msimamo wangu ni huu. Hadithi ikitolewa bure, atumie picha ya mashine, ila airekebishe mpaka ifanane na mahali anapopasimulia. Akishaanza kuuza, amtafute mchoraji. Na katika kuchagua programu, asivutwe na picha inayong'aa mara ya kwanza. Achague ile inayokubali kusahihishwa.

Chukueni picha ya wavuvi wa dagaa usiku, maana hakuna mwandishi wa kanda hii ambaye hataihitaji siku moja. Ukiomba wavuvi usiku kwenye Ziwa Victoria na taa juu ya maji, mara nyingi utaletewa mtumbwi, taa, maji meusi ya kupendeza, na juu yake mwezi mpevu, mkubwa kama sinia. Mvuvi wa Igombe akiiona picha hiyo anafunga simu. Dagaa huvuliwa gizani. Karabai, na siku hizi taa za sola, huelea juu ya maji na kuwavuta dagaa kwa sababu hakuna mwanga mwingine wa kushindana nazo. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Kwa hiyo mwezi ule unamtangazia msomaji wa hapa kwamba mwandishi hajawahi kukanyaga mwaloni.

Sasa utautoaje? Ukiandika "bila mwezi", programu nyingi, hasa za mwanzo, zitakuwekea mwezi mkubwa zaidi. Zinalishika neno mwezi na kulipita "bila". Stable Diffusion ina kisanduku cha pembeni cha vitu usivyovitaka, na mwezi unaandikwa humo. Kwingine inabidi ueleze kile kinachoonekana: anga jeusi, nyota chache, mwanga unatoka kwenye taa tu na kuishia kwenye nyuso za wavuvi. Halafu zipo hizi za mazungumzo, ChatGPT na Gemini. Tangu mwaka 2025, hata kwenye akaunti ya bure, unaweza kuipa picha ileile na kuiambia kwa Kiswahili, "Ondoa mwezi, mengine yaache kama yalivyo," ikaondoa. Kwa mwandishi asiyejua kuchora, ningeanzia hapo. Zina kikomo cha matumizi kwa siku, na kikomo chenyewe hubadilika, lakini afadhali picha chache unazoweza kuzirekebisha kuliko rundo usiloweza kuligusa.

Nyingine nitazipitia haraka. Midjourney mnayoitaja sana ni ya kulipia. Craiyon ni ya bure kweli, ila picha zake ni dhaifu. Ideogram inajitahidi kuandika maneno ndani ya picha, lakini kwa akaunti ya bure picha zako zinaonekana na kila mtu, kwa hiyo usipeleke huko siri ya sura ya mwisho. Jina la kitabu liandike mwenyewe kwa Canva, programu ya kupangia maandishi na picha. Mashine huchapia tahajia ya Kiswahili, na kava lenye jina lililokosewa ni aibu ya kudumu.

Karibuni.

Mchoraji wa mabango na katuni, Kirumba

Kaka, habari ya mwezi umeisema vizuri, nami nachora nikiwa karibu na mwalo, najua. Lakini kuna mahali umepita mbio.

Mashine hii ilijifunza wapi? Stable Diffusion ilitoka Agosti 2022, na ilifunzwa kwa sehemu ya hazina iitwayo LAION-5B, yenye picha zaidi ya bilioni 5 na maelezo yake, zilizozolewa mtandaoni. Waliochora hawakuulizwa. Januari 2023 wachoraji watatu, Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz, walifungua kesi Marekani kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo mnaposema "bure", kuna mtu alishalipa bila kujua.

Na hapa kwetu nawaona watu wanaomba picha "kwa mtindo wa Tingatinga". Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, lakini pale Dar es Salaam wapo wachoraji wanaoishi kwa mtindo ule mpaka leo. Yeye alianza kwa hadibodi na rangi ya kupaka baiskeli, kwa sababu ndicho alichoweza kununua. Leo mtu aliyekaa kwenye kochi anapata twiga na ndege wa rangi zile kwa sekunde chache, na hata jina la mtu anayeendeleza kazi ile hataki kulijua.

Kinachoniuma zaidi ni hilo neno lako, "hadithi ya bure". Kaka, hiyo ya bure ndiyo ilikuwa mlango wetu. Kijana anayejifunza hapewi kava la kitabu cha kuuzwa siku ya kwanza. Anaanza kwa kuchora kava la hadithi ya rafiki yake, kwa vocha, au kwa jina lake kuandikwa pale chini na namba ya simu. Watu mia mbili kwenye grupu wanaliona, wawili wanampigia. Ukimpa mashine kazi zote za bure ukamwachia binadamu kazi za kulipwa, hao binadamu wa kulipwa utawatoa wapi baada ya miaka kumi?

Mwandishi na mwanafunzi wa chuo, Malimbe

Shikamoo kaka mchoraji. Nakuelewa, ila nawe nielewe.

Mimi naandika hadithi za mapenzi. Hadithi isiyo na picha haifunguliwi, huo ndio ukweli wa kwenye simu. Mtu anateremsha kidole, anaona picha, anasimama. Bando nanunua kwa kuunga. Sura ikiwa tayari saa nne usiku, wasomaji wanaisubiri saa nne na nusu. Hapo nimwamshe nani anichoree?

Halafu huu mpaka wa bure na kuuza hautufai sisi. Sura kumi za mwanzo ni bure, zilizobaki mtu anatuma buku, yaani shilingi elfu moja, namtumia faili. Sasa hadithi yangu ni ya bure au ya kuuza? Mwanzilishi utujibu hapo, maana karibu wote tunaoandika kwenye simu tunakwenda hivyo.

Mwalimu wa shule ya msingi, Ilemela

Wanangu, mimi nazungumzia vitabu vya watoto, maana huko picha hailiwazi macho tu, inafundisha. Mtu mzima akiona kosa analipita. Mtoto wa darasa la pili analibeba.

Nimeletewa hadithi za watoto zenye picha za mashine nizisomee makosa ya lugha, nikayaona makosa ya picha kabla ya ya lugha. "Kijiji kando ya Ziwa Victoria" kimewekewa jahazi la Zanzibar, minazi na mchanga mweupe. Kila mwanamke wa Kisukuma amevishwa shanga za Kimasai shingoni. Katika hadithi ya enzi za Wajerumani, babu anamvuta sangara mkubwa kuliko yeye, wakati sangara aliingizwa ziwani humu miaka ya 1950. Mwandishi aliandika "samaki mkubwa" tu, na hakukosea. Picha ndiyo iliyomwongezea uongo.

Sababu haijifichi. Sehemu kubwa ya picha zilizoifunza Stable Diffusion zilikuwa na maelezo ya Kiingereza, na waliopiga picha Afrika Mashariki wakazipandisha mtandaoni walipiga sana mbuga na ufukwe wa bahari. Ukisema "mtumbwi" au "msonge" kwenye mashine ya aina hiyo, inakisia. Kwa hiyo msitaje jina la kitu, elezeni umbo lake. Badala ya Jiwe la Bismarck, sema mawe makubwa ya mviringo, ya kijivu, yamebebana, yanatoka majini karibu na ufukwe. Badala ya mtumbwi, sema chombo kirefu cha mbao zilizoungwa, hakina tanga, omo imechongoka na kuinuka, ubavuni kuna rangi mbili. Badala ya kusema tu dagaa wanaanikwa, sema samaki wadogo wa rangi ya fedha, urefu wa kidole, wametandazwa juu ya chanja, na pembeni amesimama korongo mkubwa mwenye upara.

Anayeweza kueleza hivyo ni mwandishi aliyetazama. Na akishaeleza hivyo, maelezo yaleyale akimpa mchoraji wa Kirumba, picha itatoka bora zaidi. Kwa vitabu vya shule mimi nasimama na mchoraji, bila mjadala.

Mwenye steshenari na uchapaji, Makoroboi

Naongea kama mtu anayepokea hizo faili.

Programu nyingi za bure hutoa picha ya pikseli, yaani vitone vidogo vinavyoijenga picha, 1,024 kwa 1,024. Kwenye simu inapendeza. Uchapaji mzuri unataka pikseli 300 kwa inchi, hivyo picha hiyo ikichapwa sawasawa inakuwa na upana wa sentimita 8.7. Kava la A5 lina upana wa sentimita 14.8 na urefu wa 21, yaani linahitaji pikseli 1,748 kwa 2,480. Mteja ananiambia "ivute tu". Nikiivuta, nyavu zinakuwa uji na macho ya mhusika yanaogelea. Na buluu ile kali ya ziwa mnayoiona kwenye kioo cha simu, kwenye karatasi inafifia, maana wino hauwezi kutoa mwanga.

Anayetaka uhuru kamili apakue mfumo wenyewe auweke kwenye kompyuta yake. Stable Diffusion 1.5 ni faili la takriban GB 4, na inataka kompyuta yenye kadi ya video ya kueleweka. FLUX.1 schnell, iliyotolewa Agosti 2024, ina leseni ya Apache 2.0 inayoruhusu biashara, ila ni nzito zaidi. Ndugu yake, FLUX.1 dev, ina leseni isiyo ya biashara. Majina yanafanana, masharti ni mbalimbali, someni kabla ya kubofya.

Mwanzilishi wa mada, Nyegezi

Mwalimu, shikamoo, na asante. Hilo la kueleza umbo badala ya jina nalichukua kama lilivyo.

Dada wa Malimbe, jibu langu ni kwamba mpaka ni buku ya kwanza. Sura kumi za bure weka picha ya mashine. Zikianza kuingia buku, za mwanzo ziwe za kava. Wala sikuambii hivyo kwa huruma kwa wachoraji peke yake. Kuna suala la umiliki. Marekani, Kris Kashtanova alitoa kitabu cha katuni kiitwacho Zarya of the Dawn, picha zake zikiwa za Midjourney. Februari 2023 ofisi ya hakimiliki ya huko iliamua kwamba maandishi na mpangilio wa kitabu ni mali yake, picha moja moja hapana. Sisi tuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na sheria ya hakimiliki ya 1999, iliyotungwa miaka mingi kabla ya mashine hizi. Mtu wa grupu jingine akilichukua kava lako la mashine akalibandika kwenye hadithi yake, utamshika kwa lipi? Kava alilolichora mtu na mkaandikiana, hata kwa karatasi ya daftari, lina mwenyewe.

Kuhusu Tingatinga, nakubaliana na mchoraji moja kwa moja. Usiombe mtindo wa mtu wala wa kundi linaloishi kwa mtindo huo. Omba mwanga, rangi, umbali, pembe ya kutazamia. Picha itatoka, na hutakuwa umevaa shati la mwenzio.

Mchoraji wa mabango na katuni, Kirumba

La umiliki limekaa sawa. La mlango hujalijibu kaka.

Mimi napendekeza mambo mawili kwa magrupu yote ya hapa. Picha ya mashine iandikwe chini yake kwamba ni ya mashine, ili kijana anayejifunza asijilinganishe na kitu kisicho na mkono. Na kila mwezi, kava moja la hadithi ya bure lichorwe na kijana, jina lake na namba yake vikae palepale chini. Nipo tayari kuwasimamia wa Kirumba bila malipo.

Mwandishi na mwanafunzi wa chuo, Malimbe

La kuandika chini nakubali, naanza na sura ya leo. La kava moja kwa mwezi nalo nalitaka, ila tukubaliane kwanza: kijana akichelewa, hadithi inasubiri au inatoka na picha ya mashine? Wasomaji wangu hawasubiri. Wenye magrupu mseme mnavyoona.