Roboti za huduma kwa wateja za kampuni za kompyuta: tulazimishe wawepo na watu, ama tuzizoee tu?

Wakuu habari za jioni, naomba tulijadili hili bila matusi.

Mimi fundi kompyuta hapa Dodoma, kibanda kipo njia ya kwenda UDOM, wateja wangu wanachuo na watumishi waliohamia na wizara. Juzi kati mama mmoja mwalimu kaniletea laptopu ina miezi mitano tu, bawaba ya kulia imeng'oka na kupasua plastiki ya skrini, waranti mwaka mzima. Nikamwambia mama usinipe hela, tuwaandikie wenyewe. Kufungua ukurasa wa kampuni likatokea roboti, linaongea Kiswahili kile cha kutafsiriwa. Nikalitajia seriali namba, nikatuma na picha, likaniambia nizime niwashe. Bawaba jamani, nizime niwashe! Nikaandika NATAKA KUONGEA NA MTU, likasema limenielewa, halafu zima washa tena. Mwisho likasema kituo cha karibu kipo nje ya nchi, tutume kwa gharama zetu.

Sasa mimi naona tunalaumu mdomo wa roboti wakati tatizo lipo stoo. Kampuni kubwa siku hizi zinatumia akili mnemba kukadiria spea ngapi ziende wapi, na inakadiria kwa kuangalia mauzo na madai ya waranti. Huku je? Mashine nyingi nazofungua ni yuzdi za Dubai zimepitia Kariakoo, zingine bado zina stika ya ofisi ya Ulaya kwa chini, kwenye mahesabu yao hiyo mashine ipo kulekule ilikouzwa. Kwahiyo akili iwe kali vipi, Dodoma kwake ni pori. Haileti spea, spea isipokuwepo hatudai, tusipodai inazidi kuamini hatupo.

RAM ndo usiseme. Desemba 2025 Micron, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za RAM, walitangaza wanaachana na Crucial, yani RAM na diski za watu wa kawaida kama sisi, chipu ziende kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Hiyo akili mnemba inakula RAM za mezani kwangu afu inanishauri nizime niwashe.

Hoja yangu: anayeuza hapa nchini alazimishwe kuweka mtu nyuma ya roboti, na roboti likisema jambo kampuni ibanwe nalo. Kanada 2024 Air Canada iliamriwa kumlipa abiria aliyepotoshwa na roboti lao, walijitetea eti roboti linajitegemea, wakagonga mwamba. Sisi tuna Tume ya Ushindani (FCC) ya kumlinda mlaji, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwanini tunyamaze?

Mchangiaji:
Mkuu unalionea roboti. Mimi nauza vifaa vya ofisi hapa mjini, kabla ya hizo roboti ulikuwa unapiga namba inaita mpaka inakata, ukijibiwa unasikilizishwa muziki vocha inaisha. Leo saa nane usiku nauliza draiva ya printa napewa linki papo hapo. Ukilazimisha watu, kampuni itaongeza bei au itafunga hilo dawati kabisa, wateja wa Tanzania ni wangapi hata wahangaike? Na yuzdi ya Dubai unataka mwenye kampuni aijue kwa ramli?

Mleta mada:
Hapo kwenye draiva nakubali mkuu, hata mimi nalitumia, kwa kazi hizo halina mpinzani. Ila ya mama ilikuwa mpya, ina risiti ya EFD, imenunuliwa dukani hapahapa, sio ya ramli. Kama kampuni ina njia ya kumuuzia mtu Dodoma basi ina njia ya kumpokelea, hata kama ni kijana mmoja Dar anayepokea mzigo unaoshuka na SGR, siku hiyohiyo unafika. Na yuzdi zenyewe watuachie sisi mafundi tuzisajili kwa seriali zikiwa huku, hiyo akili yao si inapenda data, tutaipa bure.

Mchangiaji:
Mama laptopu yake imeishia wapi?

Mleta mada:
Nimeishika kwa gundi ya chuma na kipande cha bati, elfu kumi na tano. Waranti ndo basi tena.