Nani kawadanganya kwamba ushambuliaji wa Iowa "umekuwa hivi siku zote"?

Wakuu, huu ni uzi wa malalamiko. Mwenye presha apite kando.

Kila ushambuliaji wa Iowa Hawkeyes, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa chini ya kocha Kirk Ferentz, ukitajwa, lazima azuke mtu aseme: "Huo ndio mpira wa Kirk Ferentz, umekuwa hivi tangu 1999, kinachotubeba ni ulinzi." Wanaosema hivyo wamegawanyika: wapo walioanza kuangalia juzi, na wapo wanaojua ukweli ila wanamtetea mtu. Tuweke namba mezani.

Msimu wa 2002 Iowa ilifunga pointi 484 katika mechi 13, wastani wa 37.2. Kwotabeki (mrusha pasi) Brad Banks alirusha pasi 26 za tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho; pamoja na teke la nyongeza ni pointi 7) na pasi zake kunaswa na wapinzani mara 5 tu, akamaliza wa pili nyuma ya Carson Palmer kwenye tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Mwaka 2008 Shonn Greene alikimbia yadi 1,850 na tachidauni 20, akabeba tuzo ya Doak Walker, ya mkimbiaji bora. 2015 wastani ulikuwa 30.9, timu ikamaliza ratiba ya kawaida 12-0. 2018, wastani 31.2. Kocha mkuu katika misimu yote hiyo ni Kirk Ferentz huyohuyo.

Halafu 2022: wastani 17.7, yadi 251.6 kwa mechi, kwa yadi nafasi ya 130 kati ya timu 131 za daraja la juu. Tukaambiwa subirini, mambo yatakaa sawa. 2023: pointi 15.4, yadi 234.6, kwa yadi nafasi ya 133 kati ya 133. Yaani chini yao hakuna mtu, ni sakafu.

Sasa mnaniambia "umekuwa hivi siku zote"? Kutoka 37.2 hadi 15.4 ni "hivi hivi"?

Na hizo 17.7 na 15.4 zenyewe zimenenepeshwa. Hapa ndipo watu wengi humu mnapokosea hesabu. Pointi za timu si pointi za washambuliaji. Mlinzi akinasa mpira na kukimbia nao mpaka mwisho, pointi zinaingia kapu moja. Ukitaka kulinganisha misimu, kaa na karatasi utoe kwanza kila pointi ambayo washambuliaji hawakuigusa. Jaribuni na mechi hizi za 2022:

South Dakota State, ushindi wa 7-3. Hakuna tachidauni. Teke moja la pointi 3, na mara mbili walinzi walimwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake la mwisho, pointi 2 kila mara. Toa 4. Washambuliaji wamebaki na 3, nyumbani, dhidi ya timu ya daraja la chini.

Rutgers, 27-10. Tachidauni mbili zilitoka kwa walinzi. Toa 14, zimebaki 13.

Music City Bowl, mechi ya kufunga msimu, dhidi ya Kentucky, 21-0. Watu walishangilia kama tumepona. Cooper DeJean alinasa akafunga, Xavier Nwankpa alinasa akafunga. Toa 14. Washambuliaji: 7.

Linganisha na ile 55-24 dhidi ya Ohio State, Novemba 2017. Shambulizi la kwanza kabisa la Ohio State, Amani Hooker alinasa pasi yao akafunga. Toa 7. Bado 48, na Nate Stanley alirusha pasi 5 za tachidauni. Fanya utakavyo, kapu la 2017 halitoboki.

Ndiyo maana ule mkataba wa 2023 ulikuwa kichekesho. Brian Ferentz, mtoto wa kocha mkuu na kocha wa ushambuliaji tangu 2017, alikatwa mshahara kutoka dola 900,000 hadi 850,000, akapewa sharti la wastani wa pointi 25 na ushindi wa mechi 7. Lakini pointi za walinzi na za timu ya mateke nazo zilihesabiwa! Mpishi anapimwa kwa chakula alichopika jirani. Na hata kwa kuazima huko alikwama kwenye 15.4. Oktoba 30, 2023 idara ya michezo ikatangaza kwamba hatarudi, msimu ukiwa bado unaendelea.

Kuna namba moja ya 2023 ambayo ingetosha kufunga uzi. Mbutuaji (anayeupiga mpira mbali kwa mguu kumwachia mpinzani pale washambuliaji wanapokwama) Tory Taylor, yule Mwaustralia, alibutua mara 93 kwa jumla ya yadi 4,479, rekodi ya msimu mmoja. Washambuliaji wote kwa pamoja, mechi 14: yadi 234.6 mara 14, kama 3,284. Mguu wa mtu mmoja umekwenda mbali kuliko kikosi kizima kwa karibu yadi 1,200. Taylor alistahili ile tuzo ya Ray Guy, ya mbutuaji bora, sina neno naye. Tatizo ni kwamba tulifika mahali pa kuvaa fulana za kusifia kubutua.

Sasa kwa nini kuliharibika. Kuna wageni wengi wa mchezo huu humu, hasa jamaa zetu waliohamia Iowa City na Coralville, kwa hiyo naeleza taratibu.

Moyo wa ushambuliaji wa Ferentz ni kukimbia kwa zoni ya nje. Mpira ukianzishwa, watu watano wa ukuta wanapiga hatua ya kwanza kuelekea upande mmoja, kwa pamoja, kama mlango wa kuteleza. Hawamsukumi mtu nyuma, wanamkimbiza pembeni. Senta (mtu wa katikati ya ukuta, anayeanzisha mpira) na mwenzake wa ubavuni wanamkaba mpinzani mmoja wawili, kisha mmoja wao anaachia na kupanda kumfuata beki wa kati. Mkimbiaji anaelekea ukingoni, na kwenye hatua ya tatu hivi anaamua: nafasi ipo nje, ipo katikati, au akate arudi nyuma. Anakata mara moja tu. Akicheza dansi, kwisha.

Ubaya wake ni kwamba watu watano lazima wapatie. Senta akichelewa nusu hatua, mpinzani wa katikati anapita kifuani kwake na mkimbiaji anakutana naye kabla hajaamua lolote. 2002 ukuta ulikuwa na Robert Gallery, Eric Steinbach na Bruce Nelson. Baadaye kulikuwa na Tristan Wirfs, kisha Tyler Linderbaum aliyechukua tuzo ya Rimington, ya senta bora, 2021. Linderbaum alipoondoka, hatua hiyo nusu ikaanza kuonekana kila wiki.

Lakini ukuta ni nusu ya maradhi. Nusu ya pili ni kwamba mabeki waliacha kuogopa pasi. Silaha inayokwenda na zoni ya nje ni kwotabeki kujifanya anampa mkimbiaji, kisha kuzunguka upande wa pili huku taiti endi (mpokeaji anayeanzia pembeni mwa ukuta) akikatiza uwanja nyuma ya mabeki waliodanganyika. George Kittle, Noah Fant, T.J. Hockenson, Sam LaPorta, wote wamepita Iowa, na Fant na Hockenson walichukuliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, raundi ya kwanza mwaka mmoja, 2019. Udanganyifu huo unafanya kazi pale tu beki anapoamini kwamba mkimbiaji atapata yadi 4 au 5. Mkimbiaji akipata 2, beki hana sababu ya kukimbilia mbele, na kwotabeki akigeuka anakuta mtu amesimama usoni kwake.

Timu ina majaribio manne ya kupata yadi 10. Ndipo tukaanza kuona jaribio la tatu, zimebaki yadi 8, na wapokeaji wanasimama kwenye yadi 5. Mpira unadakwa, mtu anaangushwa papo hapo, Taylor anavaa kofia aingie kubutua. Tulipofungwa 12-10 na Minnesota 2023, kipindi cha pili kizima tulipata yadi 12. Wengi wenu mnalia na waamuzi kwa lile tachidauni la DeJean la kurudisha mpira uliobutuliwa, lililofutwa kwa sababu waamuzi walisema mkono wake ulitoa ishara ya kutoukimbiza. Sawa, lieni. Yadi 12 nazo zimefutwa na waamuzi?

Jibu #3
Mleta mada umeruka majeruhi. Kwotabeki Cade McNamara aliumia goti mechi ya tano 2023, taiti endi Luke Lachey akaumia, taiti endi Erick All akaumia. Kwotabeki wa akiba Deacon Hill alirushwa kwenye moto. Timu gani ingepona hapo?

Jibu #4 (mleta mada)
Mkuu, majeruhi wanaeleza 2023, hawaelezi 2022. Na kuna ushahidi ambao hamtaki kuugusa. Alipokuja Tim Lester 2024 kushika ushambuliaji badala ya Brian, wastani ulipanda hadi 27.7. Ukuta ulikuwa karibu uleule: Richman, Logan Jones, Colby, Dunker. Mkimbiaji Kaleb Johnson ni yuleyule: yadi 463 mwaka 2023, yadi 1,537 na tachidauni 21 za kukimbia mwaka 2024, akaivunja rekodi ya Greene ya tachidauni za kukimbia. Zoni ya nje ni ileile pia.

Kilichobadilika kinaonekana kwa macho kabla mpira haujaanzishwa. Sheria inaruhusu mtu mmoja awe anatembea wakati mpira unaanza, mradi asiende mbele. Lester akaitumia karibu kila mara. Mtu akitembea toka kushoto kwenda kulia na beki mmoja akamfuata, umeshajua wanakaba mtu kwa mtu. Wakisogea wote kidogo, kila mmoja analinda eneo lake. Na kule alikotoka pamepungua mtu. Hiyo haihitaji mchezaji mpya hata mmoja.

Jibu #7
Nakubaliana, ila msipambe sana 2024. Pasi zilikuwa chini ya yadi 150 kwa mechi. Ohio State walitufunga 35-7, UCLA 20-17. Wakiziba mbio, hatuna pa kwenda. Kwa kupima misimu, pointi kwa mechi haitoshi hata ukitoa za walinzi. Tumia kipimo cha mafanikio: jaribio la kwanza lipate nusu ya yadi zinazotakiwa, la pili asilimia 70, la tatu na la nne zote. Hesabu mangapi yametimia, gawa kwa yote. Mbio moja ya yadi 70 inapandisha wastani wa mechi nzima. Kwenye kipimo hiki inahesabiwa mara moja tu.

Jibu #8 (mleta mada)
Hapo sibishi, mkuu. Kwenye pasi bado tunadaiwa. Ila chukua kipimo chako hicho, kiwekee ile Citrus Bowl ya kufunga msimu wa 2023, tuliyofungwa 35-0 na Tennessee, robo baada ya robo, kisha uje na karatasi yako hapa. Nitamsubiri na yule wa "siku zote".