Naomba ushauri: kufunga kabati la bafuni kwenye ukuta wenye marumaru

Habari wakuu. Nataka kufunga kabati la mbao lenye kioo juu ya sinki la bafuni, nyumba ipo Kigamboni. Ukuta ni wa matofali ya saruji, plasta, kisha marumaru. Plasta yenyewe inamong'onyoka ukitoboa, na watoto wananawa hapo chini, kwa hiyo likichomoka litawaangukia. Fundi anasema fisha (vile vijiti vya plastiki vinavyoingia kwenye tundu ili kushika skrubu) za milimita 6 zinatosha. Mimi naona tutoboe hadi ndani ya tofali, tutumie za milimita 10 na skrubu ndefu zisizoshika kutu, maana huku chumvi ya bahari inakula chuma haraka. Yupi yuko sahihi? Halafu bomba la maji limepita ndani ya ukuta huohuo, nitajuaje lilipo kabla ya kutoboa?