Zoom kwenye Ubuntu: tusakinishe programu au tubaki na kivinjari?

maalim_chake
Assalaamu alaykum wataalamu. Skuli ipo Chake Chake, ina laptopu sita za Core i3 zenye RAM ya GB 4, zote zinatumia Ubuntu 24.04 (mfumo wa Linux). Vikao na walimu wenzetu wa Unguja hufanyika kwa Zoom, na intaneti ni bando la simu.

Tukiingia kwa Firefox, feni inavuma na picha inakatika. Tukisakinisha Zoom yenyewe, picha na sauti vinatulia, lakini mwalimu akionyesha skrini yake wenzake wanaona weusi mtupu. Tushike ipi? Na ipi inakula bando kidogo?

fundi_wete
Waalaykum salaam maalim. Hizo ni kadhia mbili, zitenganishe. Feni inatokana na kivinjari kweli. Weusi hautokani na Zoom peke yake, chanzo ni Wayland, yaani mfumo mpya unaochora madirisha kwenye skrini. Andika kwenye teminali:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Jibu likiwa `wayland`, umeshaujua mzizi. Zamani chini ya Xorg, mfumo uliotangulia Wayland, programu yoyote iliweza kuisoma skrini nzima bila kuuliza. Wayland imelifunga hilo kwa ajili ya usalama: programu lazima iombe ruhusa kupitia xdg-desktop-portal, kisha PipeWire ndiyo inayobeba picha. Programu ikijaribu njia ya zamani inapata weusi.

Kwanza hakikisha vipande vyote vipo:

`sudo apt install pipewire wireplumber xdg-desktop-portal xdg-desktop-portal-gnome`
`systemctl --user restart pipewire wireplumber xdg-desktop-portal`

Kisha fungua mipangilio ya Zoom, sehemu ya kuonyesha skrini, ingia kwenye mipangilio ya ndani zaidi, na pale panapouliza namna ya kunasa skrini kwenye Wayland chagua PipeWire. Funga Zoom kabisa, hata ile alama yake ya juu kwenye upau, halafu ifungue upya. Ukianza kuonyesha, Ubuntu yenyewe itakutolea kidirisha cha kuuliza skrini ipi au dirisha lipi. Kidirisha hicho kisipotokea, portal haifanyi kazi; itazame kwa `systemctl --user status xdg-desktop-portal`.

Ikikataa kata kata, toka kwenye akaunti, bonyeza jina lako, na kabla ya kuandika nywila gusa kigurudumu cha chini kulia uchague "Ubuntu on Xorg". Weusi utaondoka. Ila usiifanye kuwa dawa ya kudumu, kwani Ubuntu 25.10 imeshaiondoa njia hiyo. Linux Mint (ndugu yake Ubuntu) yenye eneo-kazi la Cinnamon bado inaanza na Xorg, kwa hiyo wenye Mint hawaoni tatizo hili.

kivinjari_tu
Naongeza kuhusu feni. Laptopu inapopiga simu ya video inafanya kazi mbili kwa pamoja: kuibana picha ya kamera yako kabla ya kuituma, na kuzifungua picha za wengine. Kwenye Linux, kivinjari mara nyingi huzitupia kazi hizo prosesa badala ya chipu ya picha. Core i3 yenye nyuso kumi na mbili kwenye skrini haiwezi kupumua. Programu ya kusakinisha ni nyepesi zaidi kwa hilo.

Mkilazimika kutumia kivinjari: zimeni mandhari bandia nyuma ya mzungumzaji, tazameni msemaji mmoja badala ya nyuso zote, na fungeni vichupo vingine, maana GB 4 zinajaa upesi na mashine ikianza kuandika kwenye diski kila kitu kinakwama. Jaribuni na Chromium pia kabla ya kuilaumu laptopu.

Kivinjari nacho kina heri yake: hakihitaji kusasishwa kwa ajili ya Zoom. Faili la .deb la kusakinishia Zoom haliongezi hazina yoyote ya apt (mahali Ubuntu inapochukua masasisho), kwa hiyo `apt upgrade` hailigusi. Toleo likizeeka sana, Zoom inakataa kukuingiza kikaoni, na mara nyingi unalijua hilo dakika tano kabla ya kikao.

fundi_wete
Kweli. Na kwa laptopu sita msipakue mara sita. Pakueni mara moja:

`wget https://zoom.us/client/latest/zoom_amd64.deb`
`sudo apt-get install ./zoom_amd64.deb`

Tumieni `apt-get`, si `apt`. Ya pili hufuta vifurushi ilivyovipakua baada ya kusakinisha, ya kwanza inaviacha kwenye `/var/cache/apt/archives`. Vinakilini kwa flashi pamoja na lile faili la Zoom, mkasakinishe kwenye hizo tano bila kugusa bando.

bando_unguja
Tuje kwenye bando. Hesabu ya haraka: kila kilobiti 100 kwa sekunde ni MB 45 kwa saa. Zoom hutaja kilobiti 600 kwenda na 600 kurudi kwa video nzuri ya watu wawili. Hiyo ni MB 540 kwa saa. Sauti peke yake ni kilobiti 60 hadi 80 kila upande, na skrini isiyo na picha ya mtu ni 50 hadi 75. Kwa hiyo mwalimu anayeonyesha slaidi huku kamera imezimwa anatumia karibu MB 100 kwa saa. Kamera ndiyo inayomaliza bando. Programu au kivinjari, tofauti yake ni ndogo mbele ya hilo.

Ondoeni alama ya HD kwenye mipangilio ya video. Na mnapoonyesha skrini msiweke ile alama ya kuiboresha kwa ajili ya video, inapandisha matumizi bila faida kwa slaidi. Mkitaka kupima wenyewe, `sudo nethogs` inaonyesha kila programu inavuta kiasi gani.

Halafu maalim, kama walimu sita mmekaa chumba kimoja, kwa nini laptopu sita? Washeni moja, projekta na spika. Bando linagawanyika kwa sita, na ule mwangwi wa maikrofoni kusikia spika za jirani unakwisha.

maalim_chake
Shukran sana. Kwenye laptopu mbili jibu lilikuwa `wayland`, na baada ya kuchagua PipeWire kidirisha kimetokea na skrini inaonekana. Imebaki moja: kamera inasema inatumika na programu nyingine. Na vikao vingine tunaitwa kwa Teams, ile programu ya mikutano ya Microsoft.

fundi_wete
Kamera kwenye Linux kwa kawaida hushikwa na programu moja tu kwa wakati mmoja. Nadhani Firefox bado imefungua ukurasa wa kikao nyuma. Mtafute aliyeishika:

`fuser -v /dev/video0`

Kama amri haipo, sakinisha kifurushi cha `psmisc`. Funga programu itakayotajwa, kamera itaachiwa papo hapo.

Teams haina la kuchagua: Microsoft iliiondoa programu yake ya Linux Desemba 2022. Ingieni kwa Chrome au Edge, na kwenye menyu ya kivinjari muusakinishe ukurasa uwe kama programu, upate dirisha lake na alama yake. Kuonyesha skrini huko kunapita kwenye portal ile ile, kwa hiyo mkishaitengeneza kwa Zoom, Teams nayo itafanya kazi.